Kiwanja cha Mwadhini

Mwadhini hakupenda kuona kitu kimekaa njiani. Liwe jiwe, liwe gogo, liwe lori, kwake yote hayo yalikuwa udhia, na udhia huondolewa. Sote tulifundishwa chuoni kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni sadaka, lakini wengi wetu tulilikariri somo lile tukaenda zetu kucheza. Yeye alilishika. Kila siku baada ya sala ya alasiri alitoka na bakora yake na kikapu kilichochoka, akapanda na barabara mpaka kwenye kona ya juu, akarudi akiokota mawe na matawi tuliyoyaacha sisi madereva.

Asiyewahi kuishi na malori huenda asijue matawi hayo ni ya nini. Lori likisimama mlimani, utingo hutia jiwe nyuma ya gurudumu ili lisirudi nyuma. Kisha hukata matawi mabichi akayatandaza barabarani, mbali kidogo na mkia wa gari, ili anayekuja ajue kuna kitu mbele yake apunguze mwendo. Gari likiondoka, jiwe na matawi hubaki palepale. Kuweka tulijua, kuondoa hatukujua, na Mwadhini alikuwa akipita nyuma yetu akisafisha na kutulaani kwa adabu.

Leo nasikia watu wanalalamika kwamba malori hayana pa kuegesha, wanashangaa utadhani ni jambo la jana. Mimi nilianza kuendesha miaka ya sitini ikiwa inaelekea ukingoni, nikiwa na leseni mpya na kichwa kigumu, na pa kuegesha hapakuwepo. Boriti za mikoko zilitoka Saadani kwa mashua, zikashushwa Bagamoyo, nami nikazipeleka Dar es Salaam kwenye bohari la tajiri wangu. Wapakiaji wa Bagamoyo walikuwa hawaharakishwi na mtu. Ukiondoka pale jua limeshapinduka, bohari utalikuta limefungwa, na mjini hakuna wa kukuruhusu ulaze lori. Ukisimama mbele ya duka unafukuzwa, ukisimama kando ya barabara askari anakuandikia. Kwa hiyo tulilala njiani, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba, huku mtaro, huku mikorosho ya watu. Mwenye mikorosho hataki gurudumu lipite juu ya mizizi yake, na sina la kumlaumu.

Tulichofanya ni kusimama kijijini kwa Mwadhini, kwenye mteremko unaoshuka kwenda mto Mpiji. Tulisimama barabarani penyewe, lori nyuma ya lori, kwa kuwa pale angalau palikuwa na maji ya kisima na watu wa kuongea nao. Masika ikifika na Mpiji ukapanda juu ya daraja, tulikaa pale tukisubiri maji yapungue, na foleni ikarefuka mpaka karibu na kona.

Na kiwanja kilikuwepo. Hilo ndilo lililotuuma. Ubavuni mwa msikiti palikuwa na uwanja mpana wa changarawe, mkavu hata wakati wa mvua, ambao malori yote ya barabara ile yangeweza kuingia na kugeuza. Kilikuwa kiwanja cha sala ya Idd. Kilikuwa chini ya mkono wa Mwadhini, na alikifagia mwenyewe mwaka mzima, ingawa watu walisali pale mara mbili tu kwa mwaka. Kila dereva mpya alikwenda kumwomba, na kila dereva alirudi na jibu lilelile, kwamba gari hudondosha mafuta na pale ndipo watu wanapoweka paji la uso.

Sauti yake sijapata kusikia nyingine ya namna ile. Hakuwa na kipaza sauti, hakuwa na mnara, alipanda kwenye jiwe lililokuwa kando ya mlango wa msikiti akaweka vidole masikioni. Injini zikiwa zinanguruma bado ulimsikia. Lakini hakutaka kushindana nazo. Dereva akichelewa kuzima gari, Mwadhini aliteremka kwenye jiwe lake, akaenda kugonga mlango wa gari kwa bakora, akangoja pawe kimya, akarudi kuanza upya. Nilimwona akifanya hivyo kwa lori la serikali lililokuwa na bwana mkubwa ndani. Bwana mkubwa alizima mwenyewe.

Ungemsikia akitusema ungedhani anachukia malori. Uongo mtupu. Aliyapenda kupita kiasi. Alizijua gari zetu kwa mlio kabla hazijatokeza kwenye kona, akawaambia watu wa barazani nani anakuja na kama amepakia au hana kitu. Alikuwa akipapasa tairi langu jipya kwa kiganja chote. Siku moja nilimpa lifti kwenda Bagamoyo kwenye Maulidi. Nilitegemea ataniambia niendeshe polepole, maana kila siku hilo ndilo lililokuwa wimbo wake. Alikaa kimya akivuta uradi, mpaka tulipolikuta lori la mkonge likijikokota mbele yetu. Akaacha tasbihi akaniambia, "Mpite huyo, mwanangu, anatutia vumbi." Nilicheka karibu nikose njia. Naye akarudi kwenye uradi wake, uso mkavu.

Alikuwa mchoyo wa kiwanja na si mchoyo wa kitu kingine. Mvua ikitukamata alituletea chai ya tangawizi kwenye birika kubwa la msikiti, na mihogo, na siku za mfungo tulifuturu kwake wote, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Dereva mmoja wa bara alishikwa na homa kali akiwa kwenye foleni. Mwadhini alimtoa garini, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kwenye mkeka mpaka yule bwana akapata nguvu za kushika usukani. Alipoondoka alishukuru akasema, "Mzee, kitanda umenipa, kiwanja umeninyima." Mwadhini akamjibu kwamba kitanda ni chake na kiwanja ni cha Mungu.

Na kusema uongo hakujua. Si kwamba alikataa, hakujua namna unavyosemwa. Jirani alipomwuliza siku ya harusi kama kanzu yake mpya imempendeza, alimwambia imembana tumboni. Nazi za mtu zilipoibwa, ni yeye aliyesimama mbele ya wazee akamtaja mpwa wake mwenyewe, akijua dada yake amekaa palepale anamsikiliza. Alipoambiwa na ndugu kwamba angalau angenyamaza, alisema njia ya mwongo ni fupi. Ndugu hawakufurahi. Walimheshimu, walimwogopa kidogo, na kwenye vikao vyao vya mambo ya ndani hawakumwita.

Asiyemwogopa alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja. Huyu alikuwa muuza samaki. Alfajiri alikwenda Bagamoyo kwa baiskeli, akarudi jioni na tenga nyuma, akiuza njiani, na kilichobaki akikifikisha nyumbani. Akipita msikitini alipiga kengele ya baiskeli hata kama hapana mtu mbele, kwa ajili ya kumchokoza kaka yake. Mwadhini alikuwa akinung'unika kwamba mtu mzima anachezea kengele. Lakini jioni ambayo kengele ilichelewa, nilimwona akisimama kila mara kuangalia barabara.

Ilikuwa masika. Nilifika na boriti, nikakuta Mpiji umefunika daraja na malori mengine yamenitangulia, kwa hiyo mkia wa gari langu ulikuja kuangukia karibu kabisa na kona. Na boriti, kwa asiyejua, hazikai ndani ya bodi. Hutokeza nyuma mbali, ndiyo maana hufungwa kitambaa chekundu kwenye ncha. Nilipaona pale nilipo ni pabaya. Nikashuka, nikaenda msikitini, nikamkuta Mwadhini anatawadha kwa ajili ya alasiri. Nilimwambia leo si kwa raha yangu. Nilimwambia mkia wangu umekaa vibaya, nifungulie kwa leo tu, mafuta yakidondoka nitayafuta kwa shati langu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nikikufungulia wewe leo, kesho nimfungie nani?"

Niliondoka nimekasirika. Utingo wangu alikuwa mtu mzima, ameanza kazi ya malori kabla yangu. Nilimwambia akate matawi ayatandaze nyuma, naye akaitikia, nami nikateremka mtoni kwenda kuangalia maji na wenzangu. Manyunyu yalikuwa yanaendelea na mwanga ulianza kupungua mapema. Adhana ya magharibi ilianza tukiwa tunapanda kurudi. Katikati ya adhana tulisikia watu wanapiga kelele juu kwenye kona.

Mdogo wake Mwadhini alikuwa ameshuka na mteremko kwa baiskeli, kwa kasi, kichwa ameinamisha kwa sababu ya manyunyu. Kitambaa chekundu kilikuwa kimelowa, kimejiviringisha kwenye ncha za boriti. Sitaeleza zaidi. Samaki walikuwa wametapakaa barabara nzima, na kaka yake alikuwa juu ya jiwe lake, vidole masikioni, akimalizia adhana bila kujua. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Sijui kwa nini sikumtuma mtu mwingine.

Kesi ilisikilizwa Bagamoyo. Kila kitu kilisimama juu ya matawi. Kama yalikuwepo, basi dereva alifanya wajibu wake na mengine ni ajali. Kama hayakuwepo, ni jela, na leseni kwaheri, na mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Utingo aliapa kwamba aliyaweka. Askari aliapa kwamba alipofika hakuona hata jani. Nilimwangalia hakimu nikaona ameshamwamini askari, na haki yake, maana kuna mtu gani anaiba matawi.

Mwadhini aliitwa kueleza habari za marehemu tu. Ndugu zake wote walikuwa wamekaa upande mmoja, mjane hakuwepo kwa kuwa alikuwa bado yumo edani. Alishika msahafu, akaapa, akaeleza jina la mdogo wake na kazi yake. Alipoambiwa anaweza kushuka, hakushuka.

"Matawi yalikuwepo," alisema. "Niliyaondoa mimi. Nilidhani ni ya gari lililokwisha kuondoka."

Hakimu alimwuliza tena, akarudia. Hakuna aliyeshuku. Tangu Bagamoyo mpaka Bunju, nani hakujua kikapu cha yule mzee? Na nani aliwahi kumsikia akisema uongo? Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Upande wa ndugu, dada yake, yule mama wa mpwa wa nazi, aliinuka akatoka nje, na wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka benchi likabaki tupu. Mimi niliachiwa siku ile. Nilitaka kumshika mkono, lakini alinipita bila kuniangalia, akaenda zake kutafuta gari la kurudi.

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine, au labda alikuwa yuleyule ila watu walimwondokea. Mjane alipotoka eda alisema hadharani kwamba hataki kumwona mlangoni pake wala kusikia jina lake, na watoto aliwakataza kumwamkia baba yao mkubwa. Pale kwetu mtoto kumpita mzee bila shikamoo ni jambo zito kuliko matusi. Nimewaona wakifanya hivyo, wamekunja nyuso, naye akiwapisha njia. Kikapu alikitupa. Adhana aliacha, akamwambia imamu kwamba koo limeharibika. Alikuja mwadhini mwingine, kijana mzuri tu, ila sisi madereva tuliendelea kumwita huyu Mwadhini na yule tukamwita kijana wa msikitini.

Kitu cha mwisho alichofanya kwenye mambo ya msikiti ni kuwaomba wazee wafungue kiwanja kwa malori. Walikubali kwa shingo upande, zaidi kwa kumwonea huruma. Sala ya Idd ikahamia uwanja wa shule. Yeye alijijengea kibanda cha makuti pembeni mwa kiwanja, akawa ndiye anayetuelekeza, kwa bakora na kwa kunong'ona, nani asimame wapi. Na kila asubuhi, malori yakishaondoka, alichukua beleshi akafukia madoa ya mafuta kwa mchanga, doa moja baada ya jingine, kwenye uwanja ambao haukuwa tena na mtu wa kusalia hapo. Niliwahi kumwambia apumzike. Alisema hana kazi nyingine.

Mjane naye alikuja pale, maana riziki haina kinyongo. Watu waliolala kiwanjani waliamka na njaa, akaweka jiko lake mdomoni mwa kiwanja akawa anauza vitumbua na chai. Kwa miaka walikaa hivyo, yeye mdomoni, shemeji yake ndani, na kati yao hapakuwa umbali wa kumfanya mtu ainue sauti. Hawakuwahi kusemezana. Mimi alinipenda. Mahakama ilikwisha sema sina kosa, na mwenye kosa alijitaja mwenyewe. Alikuwa akiniita mwanangu.

Mara ya mwisho nilipomkuta Mwadhini akiwa na fahamu zake, miaka ya sabini ilikuwa inaishia. Nilikuwa nimeacha boriti, nabeba chumvi. Niliingia kiwanjani adhuhuri imepita, nikaliona beleshi limeegemezwa ukutani na mafuta ya jana hayajafukiwa. Alikuwa amelala kibandani, miguu imevimba, sufuria la uji lililoletwa na mtu wa msikitini liko kando, halijaguswa. Nilimkalisha. Nilimlisha kidogo. Yeye na mjane wote wameshatangulia mbele ya haki sasa, ndiyo maana naweza kusema aliyoniambia.

"Matawi hayakuwepo," alisema.

Nilimwuliza matawi gani.

"Ya siku ile. Utingo wako hakuweka kitu. Nilipita pale baada ya alasiri na kikapu changu, nikafika mpaka kwenye kona. Njia ilikuwa nyeupe."

Nilirudisha kijiko kwenye sufuria. Nilimkumbusha, kwa ujinga, kwamba alishika msahafu. Akasema anajua alichokishika. Sauti yake, ambayo kijiji kizima kilijua imekufa, ilikuwa ileile, nzito na safi, haina kasoro yoyote kooni. Alisema mdomo uliokwisha apa uongo hauwezi kuwaita wenziwe kwenye sala, kwa hiyo aliunyamazisha. Nilimwuliza kwa nini alifanya vile kwa ajili yangu, mimi si ndugu yake, ndugu yake ndiye aliyekuwa kaburini.

"Ulikuja kwangu kwanza," alisema. "Uliomba pa kuegesha, nikakunyima. Halafu nikapita nyuma ya gari lako, nikaona hapana matawi, nikasema moyoni mwangu, hawa wananikomoa kwa sababu ya kiwanja. Panga lilikuwa nyumbani na mikono yangu ilikuwa mizima. Nikaenda zangu kuadhini. Sasa niambie, mwanangu, aliyeyaondoa na aliyeona hayapo akapita, wana tofauti gani?"

Nilitaka kumwambia tofauti ipo. Nilikuwa na uhakika ipo, na bado nina uhakika, ila sikuweza kuitaja, na mpaka leo nikijaribu inaniponyoka. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa shukrani na kwa hasira pamoja, maana mtoto wangu alikuwa amekua akiwa na baba nyumbani, na bei yake ilikuwa imekaa mbele yangu na miguu iliyovimba. Nilimwambia nitakwenda sasa hivi kumwambia mjane, ajue kwamba amemchukia bure, ili angalau watoto waje kumwona.

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa bado una nguvu.

"Ukimwambia, ile chuki haitakufa. Itahamia kwako," alisema. "Wewe una watoto, na unapita hapa kila wiki. Mimi nimeshaizoea. Iache ikae ilipo."

Aliniapisha. Niliona ajabu mtu yule kuniapisha, lakini niliapa. Nikamfunika, nikachukua beleshi, nikafukia madoa yaliyokuwepo, nikaingia garini.

Mjane alikuwa mahali pake mdomoni mwa kiwanja. Nilisimama, kwa kuwa kila mara nilisimama na angeshangaa kama ningepita. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza hali ya nyumbani, akawataja watoto wangu kwa majina. Kisha akiwa ameinamia kikaango chake akauliza.

"Umemwona yule?"

"Nimemwona, mama."

"Hajafa bado?"

Nikasema bado. Akageuza vitumbua vilivyokuwa motoni, akanifungia vyangu kwenye gazeti, akaongeza vingine vya watoto, akaniambia niendeshe polepole, Mungu anifikishe salama.